Mama Adela Anunua Kompyuta Vipande Vipande

Pale sokoni Sumbawanga, mkulima aliyetaka kumuuzia Bertilla maharage alitafuta kwanza mahali pa kukaa. Kusimama hakukufaa, maana maongezi yangekuwa marefu, na anayechoka miguu ndiye anayeshusha bei. Bertilla alikuwa na kigoda chake kifupi, urefu wake sawa na mdomo wa gunia, na akishakaa hapo hakuna aliyewahi kumsikia akisema kwamba anataka maharage. Alikuwa anapita tu. Alikuwa anamsubiri mtu. Gunia ndilo lililomkuta. Angetia mkono ndani, achote, apulize vumbi, kisha aulize kwa huruma, "Haya si yalinyeshewa?" Mkulima, aliyeyaanika mwenyewe mpaka yakawa yanalia kama kokoto, angeanza kujitetea. Mtu akishaanza kujitetea, bei imekwisha kushuka. Kilichobaki ni kujua imeteremka mpaka wapi.

Hakufundishwa na mtu. Alizaliwa Pito, kwenye nyumba ya ulezi, mahindi na misa ya Jumapili, akamaliza darasa la saba, akaolewa na Ignasi, dereva wa lori. Ile miaka ruhusa ilipotoka kwamba mwenye gunia na mwenye nguvu anunue nafaka na kuiuza atakako, wenzake wengi walikaa wakisubiri kuelezwa ruhusa maana yake nini. Bertilla alipanda kwenye lori la mumewe akiwa na mtoto mgongoni na mizani iliyofungwa kwenye kanga, akaanza kuzunguka vijijini. Mtoto huyo, Adela, sasa alikuwa ameolewa, anakaa Mbeya. Mizani ilichakaa ikanunuliwa nyingine. Nyumba ya tofali za kuchoma na bati ilisimama mtaa wa Chanji, na watu waliosubiri kuelezwa wakawa wanakuja hapo kuazima toroli.

Sheria yake ilikuwa moja: muuzaji asijue unachokitaka. Akijua, unamlipa kwa ujuzi wake huo.

Mwaka 2007 mambo yake yalikuwa yanakwenda sawa isipokuwa tatizo moja, na tatizo hilo lilitoka nyumbani kila jioni likiwa limevaa koti.

Ignasi alikuwa ameacha udereva kwa sababu ya magoti. Mchana aliziba pancha karibu na stendi. Jioni alikula, akanawa, akavaa koti maana baridi ya Ufipa haina mchezo mwezi wa sita, akasema, "Natoka kidogo," akaenda kwa Rhoda. Rhoda alikuwa fundi cherehani, mjane, jirani wa upande wa bondeni. Alikuwa na TV ya rangi na deki ya kuchezea sinema, na sebule yake ilikuwa wazi kwa jirani yeyote. Hakutoza kiingilio. Aliuza chai na karanga.

Watu walianza kusema. Bertilla hakuyaamini waliyoyasema. Alimjua Ignasi: mtu ambaye hata kuchagua shati humchukua asubuhi nzima hawezi kuwa na mambo mawili kwa wakati mmoja. Lakini alikuwa amefanya biashara miaka mingi, na alikuwa ameona jinsi mteja anavyohama. Haanzi kwa kununua. Anaanza kwa kupita. Anasalimia, anapewa kiti, anazoeshwa. Mteja anayekaa kwenye kibanda cha mwenzako kila siku, hata akiapa kwamba anaangalia tu, hesabu kwamba amekwenda. Bado siku ya kubeba mzigo.

Bertilla alimtaka mumewe akae nyumbani jioni. Hilo ndilo alilolitaka, lote, na hakumwambia mtu, Ignasi akiwa wa kwanza.

TV alikuwa nayo. Aliinunua kwa mtumishi wa serikali aliyepata uhamisho wa haraka, na uhamisho wa haraka ni bei nzuri. Ilikuwa ile yenye kichogo kikubwa, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na kwa kuwa nyumba haikuwa na dishi, ikiwashwa ilionyesha chenga. Angeweza kununua deki. Lakini kununua deki kama ya Rhoda ni kuufuata mzani wa mwenzako. Jirani wangesema ameiga, na Ignasi angekuwa na deki mbili za kuchagua, moja ikiwa na karanga.

Siku moja alimpelekea Shedrack simu iliyogoma kuchaji. Shedrack alikuwa fundi wa simu na kompyuta kwenye chumba kimoja nyuma ya stendi, mtu wa umri wa kuoa ambaye alikuwa hajaoa na hakuwa na haraka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hicho kinachocheza hapo ni nini?"

"Muvi, mama. Naifanyia kazi huku naiangalia."

"Deki iko wapi?"

"Hakuna deki." Shedrack aligonga kasha lililokuwa chini ya meza. "Imo humu. Zimo nyingi tu, huchomeki CD wala hufuti mikwaruzo. Ukichoka hii unafungua nyingine."

Bertilla aliitazama simu yake kama vile ndiyo aliyokuwa akiizungumzia. "Na mtu akitaka kitu kama hicho, akiunganishe na TV ya kawaida? Mtu tu. Simaanishi mimi."

"Huyo mtu ana pesa ya kununua mpya?"

"Hana. Namjua."

"Basi aunge vipande vya mtumba." Shedrack akafunua kasha, akamwonyesha kwa bisibisi. Kwanza kasha lenyewe. Halafu pawa saplai, kisanduku cha bati chenye feni na mkia wa nyaya za rangi, ndicho kinacholisha umeme kila kitu. Halafu mazabodi, lile bao kubwa la kijani ambalo kila kitu hukaa juu yake, pamoja na prosesa na ramu, na achague lenye tundu lake la sauti ili asinunue kadi nyingine. Diski ngumu ya kuwekea sinema na kadi ya picha yenye tundu la kwenda kwenye TV, Shedrack alikuwa nazo. "Na asinunue yenye nguvu kubwa, mama. Ya sinema ni ile isiyopiga kelele. Wanaonunua kasi wanakwenda kusikiliza feni."

"Nitamwambia."

"Na amwambie muuzaji anajenga nini. Muuzaji akijua, atamchagulia kinachofaa."

Bertilla alimtazama Shedrack kwa huruma ile aliyoitumia kwa maharage. Kijana mzuri, alifikiri. Ndiyo maana yuko kwenye chumba cha kupanga.

Kasha alilikuta kwa Yohanes, muuza vyuma chakavu wa karibu na stendi, kati ya bomba za baiskeli na beseni zilizotoboka. Alilipita. Akarudi. Akaligusa kwa ncha ya kiatu.

"Hili bati unalifuga la nini?"

"Hiyo ni nyumba ya kompyuta, mama. Kazi ya Mzungu mtupu."

"Kompyuta nitaifanyia nini miye? Nina vifaranga wameanguliwa juzi, baridi hii itawamaliza. Natafuta kijisanduku."

Yohanes naye alifuga kuku. Uso wake ulibadilika. Akaacha habari ya Mzungu, wakazungumza habari ya mdondo unaoua kuku, na bei ikashuka kutoka ya kompyuta hadi ya kijisanduku. "Lakini usilichukue hivyo, Mama Adela," alisema. "Njoo kesho. Nitalisafisha."

Kesho yake alilikuta ndani ya kiroba, limefungwa kwa kamba vizuri. Hakulifungua. Kufungua mbele ya muuzaji ni kuonyesha hamu.

Pawa saplai aliipata Matai, alikokwenda kutafuta maharage. Leonsi, fundi redio, alikuwa na kompyuta mbovu iliyoletwa na mtu ambaye hakurudi. Bertilla alitaka kwanza betri za tochi. Kisha akaangalia juu ya rafu, akasema, "Kile chenye feni kinapuliza kweli?"

"Kinapuliza, mama, lakini kile ni cha..."

"Nina jiko la mkaa linazubaa kila asubuhi. Napepea mpaka mkono unaota sugu."

"Mama, unataka pawa saplai ya kupulizia jiko?"

"Sijui inaitwaje. Nataka feni."

Leonsi alifikiri. Alikuwa mtu anayeheshimu shida ya mkaa, maana mkewe naye alimlalamikia hayo hayo. "Niachie mpaka utoke kwenye maharage yako," alisema. "Nitakuwekea vizuri." Na bei akaitaja kama ya feni, kwa sababu ndicho alichoombwa.

Mazabodi lilikuwa kwa Agnesi. Agnesi alikuwa mwalimu mstaafu mwenye duka la kuchapa barua na kutoa kopi, na kompyuta tatu za zamani alizozisukuma pembeni baada ya kununua nyingine. Kwake Bertilla alijua habari ya vifaranga isingekwenda. Akasema kwamba ana jamaa anayefundisha shule ya msingi huko bondeni upande wa Muze, watoto hawajawahi kuona kompyuta hata kwa picha, na mwalimu anaomba walau yale matumbo yake ayatundike ukutani.

Agnesi alivua miwani. "Nani kasema walimu wa siku hizi hawajitumi?" aliuliza, ingawa hakuna aliyekuwa amesema. Akataka kulitoa bure. Bertilla akakataa cha bure, kwa sababu cha bure huulizwa habari zake baadaye, wakakubaliana bei ndogo ya heshima.

"Nipe mpaka Ijumaa," Agnesi alisema. "Siwezi kupeleka kitu shuleni kikiwa uchi."

Jumamosi Bertilla aliingia kwa Shedrack na mizigo mitatu, akaiweka mezani, akakaa kwenye kiti bila kualikwa. Katika maisha yake hakuwahi kununua vitu vitatu kwa bei za chini namna ile, na uso wake, ambao kwa kawaida haukusema kitu, ulikuwa unakaribia kusema.

Shedrack alifungua kiroba cha kasha. Akatazama ndani. Akalizungusha akatazama tena.

Yohanes alikuwa amekata kwa mkasi wa bati kila kilichokuwa kimesimama ndani ya kasha lile: vile vishikio vya kubebea mazabodi, vya diski ngumu, vyote. Kingo alizikunja kwa nyundo, zisiwakate vifaranga miguu. Matundu ya nyuma aliyaziba kwa vitambaa dhidi ya upepo. Chini alitandika pumba. Ubavuni alikuwa ametoboa kimlango kidogo, na kimlango hicho kilikuwa na bawaba.

Shedrack aliliweka kando. Akafungua pawa saplai. Ilikuwa nyepesi. Leonsi alikuwa ameitoa matumbo yote ili isimpige mama wa watu shoti, akaiunganisha feni na betri za redio, akaweka swichi, na nyuma amefunga mpini wa mti alioupiga msasa. Shedrack akabonyeza swichi. Karatasi zote za mezani zikaruka.

Mzigo wa tatu ulikuwa umefungwa kwa gazeti. Mazabodi lilikuwa limepigiliwa kwenye ubao kwa misumari, mmoja ukiwa katikati kabisa. Lilipakwa vanishi. Kila kitu kilibandikiwa karatasi yenye jina lake kwa herufi kubwa zinazosomeka mpaka dawati la nyuma, na juu kulikuwa na kitanzi cha kutundikia.

Shedrack aliweka bisibisi chini.

"Mama," alisema, "hivi vitu vimetengenezwa vizuri sana."

"Vinafanya kazi?"

"Feni inafanya."

"Wamenitapeli?"

"Hapana. Ulisema unataka vya nini?"

Bertilla alimwambia. Aliyataja yote matatu, vifaranga, jiko na shule, kwa sauti ile ile ya kutaja bei ya jana. Shedrack alisikiliza akiwa ameegemeza kidevu mkononi, na kwa sifa yake isemwe kwamba hakucheka mpaka kwenye shule.

"Sasa mama, hawa watu umewaonea. Kila mmoja kakupa ulichoomba, na kaongeza."

Bertilla hakuwa mtu wa kulia juu ya mzigo ulioharibika. Mzigo ukiharibika unauliza gharama yake, unapanga mwingine. Aligundua kwamba hasara ilikuwa pale pale penye ujanja. Angekwenda tena kwa wale wale, mji wenyewe si mkubwa, na safari hii hakuwa na uongo uliobaki wa kutumia. Wiki zilikuwa zinapita, na Ignasi alikuwa ameanza kuacha koti lake kwenye msumari wa mlangoni, karibu, ili asipoteze muda.

Alianza na Agnesi, kwa sababu ndiye aliyekuwa mgumu.

"Nataka kompyuta ya kuonyeshea sinema nyumbani," alisema akiwa bado mlangoni, kama anayemeza dawa. "Mazabodi, prosesa, ramu. Nzima. Bila misumari."

"Si ulichukua la shule?"

"Nilichukua."

"Mwalimu hakulipenda?"

"Hakuna mwalimu."

Agnesi alizima mashine ya kopi. "Mama Adela! Nimelipaka vanishi mara mbili!"

"Limepakwa vizuri, mwalimu. Nitalipeleka shule yoyote utakayosema, kwa nauli yangu."

"Utalipeleka Muze kama ulivyosema! Na nitauliza kama limefika!" Hasira yake ikaenda, ikarudi, ikakuta udadisi umekaa mahali pake. "Na sinema ya nini, mtu wa maharage kama wewe?"

"Ya Baba Adela."

Agnesi alishonesha nguo zake kwa Rhoda kama nusu ya mji. Alisema "Ahaa," ile ndefu. Kisha, "Sasa kwa nini hukusema toka mwanzo, mwanamke wewe? Ningekupa lile la misumari?" Akavuta kompyuta moja, akaisukuma kando. "Hii inakimbia, lakini feni yake inalia kama mashine ya kusaga. Mumeo asiposikia maneno atarudi yanakosikika. Chukua matumbo ya hii ya pili. Nzito kidogo kuwaka, ila ikishawaka hujui kama ipo."

Akataja bei. Bertilla alifungua mdomo kwa mazoea, akaona kwamba hana cha kushushia bei, kwa sababu yote yalikuwa yamekwisha semwa. Akalipa. Agnesi alimtazama akihesabu, akamuuliza kama amekwenda hospitali karibuni.

Leonsi wa Matai alimpa pawa saplai nyingine, nzima, akamwonya habari ya kile kiswichi chekundu cha nyuma: kikisogezwa upande wa umeme mdogo wa huko kwa wenzetu, kitatoa moshi. "Na ile ya jiko?" aliuliza. Bertilla akasema ukweli, kwamba mkaa sasa unashika haraka na kwamba jirani mmoja ameshaiulizia. Leonsi alifurahi zaidi kwa hilo kuliko kwa pesa. Yohanes hakuwa na kasha lingine, hivyo Shedrack alilichukua lile lile la vifaranga, akafunga ndani yake vibao vya mti badala ya vishikio vilivyokatwa, akafungua matundu yaliyozibwa. Kile kimlango alikiacha, maana joto lilihitaji pa kutokea.

Jumanne mashine ilikaa chini ya TV, sebuleni. Shedrack aliiwasha. Chenga zilitoweka, watu wakatokea, wakasema.

Ignasi aliingia kula. Akasimama katikati ya sebule.

"Nini hii?"

"Kompyuta."

"Ya nani?"

Ndipo lilipotokea jambo ambalo Bertilla alilijutia kabla halijaisha kutoka mdomoni. Neno la kweli lilikuwa tayari. Alikuwa amelifanyia mazoezi Matai na kwa mwalimu Agnesi. Lakini wale walikuwa watu wa kando, na huyu alikuwa Ignasi, na miaka yote mbele yake alikuwa hajawahi kuwa wa kwanza kutaja anachotaka. Mazoea yakatangulia.

"Ya biashara," alisema. "Watu watalipa kuangalia."

Ignasi alitikisa kichwa kwa heshima. Alikuwa dereva maisha yake yote. Mzigo wa mtu hugusi. "Vizuri," alisema. "Basi nisikukalie kiti cha mteja." Akala, akanawa, akavaa koti. "Natoka kidogo."

Na kwa kuwa Shedrack, pale mlangoni akiaga, alikuwa amesikia kwamba ni biashara na kuitangaza stendi, kesho yake wateja walikuja. Walikuwa wachache, na adabu zao, na sarafu mkononi. Bertilla hakuweza kuwafukuza. Alikaa kwenye sebule yake mwenyewe akichambua maharage kwenye ungo, kiti cha mumewe kimekaliwa na mpiga rangi wa nyumba, sarafu zikilia kwenye bakuli. Ilikuwa biashara nzuri. Alipoinuka kuwafungulia mlango wakati wa kuondoka, mpiga rangi alimpongeza kwa ubunifu.

Jioni ya pili hakuwasha. Aliwaambia wateja kwamba biashara imefungwa.

"Imefungwa? Si imefunguliwa jana?"

"Basi mliiwahi." Akachukua kanga ya pili ya kujifunika, akateremka kwa Rhoda.

Sebule ya Rhoda ilikuwa imejaa kiasi. Rhoda alikuwa kwenye cherehani yake, anapinda mguu wa suruali ya sare huku jicho moja liko kwenye sinema. Ignasi alikaa karibu na ukuta, kikombe cha chai mkononi.

"Karibu, Mama Adela," Rhoda alisema. "Leo umetukumbuka. Kaa, chai ipo."

"Sikai. Nimemfuata mume wangu."

Mtu mmoja alipunguza sauti ya TV ili asikie vizuri.

"Mchukue," Rhoda alisema, akikata uzi kwa meno. "Nimemfungia? Mlango huo hauna hata komeo. Au mlidhani ninamtia nini kwenye chai?"

"Sina neno na wewe, dada."

"Hilo nalijua. Wenye neno na mimi wanalisema kwenye bomba la maji. Wewe ndiye wa kwanza kuja na miguu yako. Endelea basi, tunasubiri sinema yetu."

Bertilla alimgeukia Ignasi. Watu wote wale walimjua kwa kazi yake; wengine walikuwa wamewahi kumuuzia. Alisema kwa kasi, "Ile kompyuta si ya biashara. Nilikununulia wewe. Nataka ukae nyumbani jioni."

Ignasi aliweka kikombe chini polepole.

"Nani anataka?"

"Mimi."

"Unataka nini?"

"Nimesema. Ukae nyumbani."

"Sema tena, hapa nyuma hatujasikia," mtu alisema, akanyamazishwa na Rhoda kwa jicho.

Ignasi hakuwa mfanyabiashara, lakini alikuwa amelala nyumba moja na mfanyabiashara muda mrefu, na alikuwa amejifunza kwamba muuzaji anayejua mnunuzi anataka kiasi gani ni mtu mwenye bahati. Alijiegemeza ukutani.

"Unajua mimi nyumbani nakaa na nani?" aliuliza. "Nakaa na ungo. Nikikuambia neno, unaniambia ngoja nimalize hili fungu. Hapa kwa Rhoda angalau watu wanaangalia kitu kimoja na mimi. Nitarudi, lakini ungo ubaki stoo. Ikiwaka sinema, unakaa unaangalia."

"Msimu huu wa maharage? Siwezi. Nitakaa Jumapili."

"Siku zote."

"Jumapili na Jumatano."

"Siku zote, Mama Adela."

"Ijumaa kuna lori la Mbeya, Ignasi, una akili kweli?"

"Basi isipokuwa Ijumaa."

Bertilla alitafuta pa kushika. Angeweza kuondoka, kama alivyokuwa akiinuka kwenye kigoda chake na kuanza kwenda zake mpaka aitwe. Aliupima umbali wa kutoka pale mpaka mlangoni, akaupima uso wa Ignasi, akaona kwamba safari hii hataitwa.

"Isipokuwa Ijumaa," alisema.

"Tumewasikia sote," Rhoda alisema. "Haya, ongezeni sauti huko. Na ile chai, shemeji, hujailipa." Ignasi akajipapasa mifuko. Bertilla ndiye aliyelipa.

Usiku ule, na siku zilizofuata, walikaa. Sinema ya kwanza ilikuwa ya Nigeria, ndefu, ya Kiingereza, na Ignasi alimfasiria mkewe kwa kujiamini kulikozidi Kiingereza chake. "Huyu ni mjomba wake." Baadaye mjomba alimwoa. "Basi si mjomba." Bertilla hakujua afanye nini na mikono yake. Aliiweka magotini, akaikunja, akaishika moja kwa nyingine. Mashine ilikuwa kimya kama mwalimu Agnesi alivyosema. Kabla ya sehemu ya pili kuanza Ignasi alikuwa amelala kwenye kiti, koti lake mwilini.

Bertilla angeweza kuzima. Angeweza pia kwenda stoo. Lakini mapatano yalikuwa sinema ikiwaka anaangalia, na ilikuwa inawaka, naye hakuwa mtu wa kuvunja mapatano hata yale yaliyomwelemea. Akaangalia mpaka mwisho, peke yake, na kwa kuwa hakuwa tena na mfasiri, alielewa mambo mengi.

Asubuhi Ignasi alikuwa anakunywa uji. "Ikaishaje ile?" aliuliza. "Yule mwanamke alirudi kwao, au yule mwanamume alikuja kumfuata?"

Bertilla alikuwa anafunga mzigo wa kwenda sokoni. Alikaza kamba, akapima fundo kwa kidole.

"Pancha zako funga mapema leo," alisema. "Nitakusimulia tukishakaa."